Ngazi Isiyopandwa na Samaki

Kabla ya kuitwa Bi Ndoo alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari, kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kuosha mirija ya vioo, kuandika kilichovunjika na kuwazuia wanafunzi wasionje vitu. Shule ilipounganishwa na nyingine iliyokuwa na maabara kubwa zaidi na mhudumu wake tayari, alipewa barua ya shukrani yenye makosa mawili ya tahajia. Aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha akaiweka barua kabatini.

Miezi saba alikaa nyumbani akimsaidia mumewe kushona vifungo. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mwema mwenye maneno mengi, na kibaraza cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka. Walipendana. Lakini kusikiliza tangu asubuhi hadi jioni habari za suruali za watu, nani kanenepa na nani kakonda na kwa sababu gani, ni kazi ya sulubu. Kwa hiyo siku aliyoona tangazo ukutani pa posta kwamba mradi wa umeme wa maji unatafuta msaidizi wa mazingira, "awe na uzoefu wa kutunza kumbukumbu," hakulisoma mara mbili. Alikwenda siku ileile na viatu vya kanisani.

Kwenye usaili meneja wa mradi alimuuliza maswali mawili.

"Unaweza kujaza fomu?"

"Naweza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi karibu kazini, mama."

Mambo yalikuwa hivi. Kibali cha kujenga bwawa kilikuwa na masharti arobaini na moja, na sharti la ishirini na nane lilisema lazima awepo mtu wa kuangalia hali ya samaki na wanyamapori, aandike anachokiona kila siku. Mradi ulikuwa na matingatinga sita, winchi mbili, mtambo wa kuchanganya zege na wapishi wanane. Mtu wa sharti la ishirini na nane ndiye aliyekuwa bado hajapatikana.

Alipewa nusu ya kontena. Nusu nyingine ilikuwa stoo ya mabuti na kofia ngumu. Alipewa pia meza, kizibao cha kung'aa kilichoandikwa MAZINGIRA mgongoni, na katoni nne za fomu. Kila fomu ilikuwa na kurasa tatu: nyeupe ya mhandisi, ya waridi ya meneja, na ya manjano ya kupelekwa mjini, ofisi ya vibali.

"Usijisumbue sana," meneja alimwambia, wala hakuwa na ubaya. "Andika 'hakuna tukio' uweke sahihi. Ndivyo wanavyofanya kila mahali."

Siku kumi na moja aliandika "hakuna tukio", na ilikuwa kweli, kwa sababu kutoka ndani ya kontena mto hauonekani. Siku ya kumi na mbili alianza kuona aibu, akavaa mabuti kutoka nusu ya pili ya ofisi na kushuka mtoni.

Mto ulikuwa umechepushwa. Walikuwa wamejenga ukuta wa muda wa mawe na udongo, wakayapeleka maji upande, ili sakafu ya mto ikauke wapate mahali pa kumwaga zege. Sakafu ilikuwa imekauka kweli, isipokuwa kwenye mashimo. Ndani ya mashimo mlikuwa na maji ya kufika magotini, na ndani ya maji hayo samaki walikuwa wamebanana, midomo juu, wakivuta hewa. Tingatinga lilikuwa linakuja kuyafukia.

Alisimama mbele yake. Dereva akatoa kichwa.

"Mama, nini?"

"Naomba unisubiri kidogo."

"Nikusubiri nini?"

"Kuna samaki."

Dereva aliangalia mashimo, akamwangalia yeye, akaangalia jiwe lililobebwa na tingatinga, kubwa kama jiko. "Mama, mimi nina mawe hapa."

"Naona."

Akazima injini. Baadaye alieleza kwamba hakukubaliana na mama yule hata kidogo, ila alikuwa hajawahi kuombwa kitu kwa adabu tangu aanze kazi pale, akachanganyikiwa.

Mama yule aliokota ndoo ya rangi iliyoisha na kuanza kuchota. Kutoka kwenye mashimo hadi kwenye maji yaliyochepushwa zilikuwa hatua sitini, zote za mawe. Lazima niseme hapa kwamba hakuwa mpenzi wa samaki. Alikula akipata, lakini kuwashika hakupenda, wanateleza. Kwenye safari ya tisa au ya kumi alishika mmoja kwa mikono miwili, ningu, samaki wa mto mwenye midomo minene ambaye mvua zikianza hupanda juu kwenda kutaga. Tumbo lake lilikuwa limejaa mayai. Aliyasikia yakisogea chini ya vidole vyake, laini kama mtama uliolowekwa. Alisimama naye pale juu ya mawe muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliona haya, wala hakujua anamwonea nani. Kisha akamtia majini na kurudi kuchota.

Saa tisa alasiri alimaliza. Kwenye fomu aliandika: "Samaki 214 wamehamishwa kwa ndoo. Kobe wa majini 3, vilevile. Kenge 1, ameondoka mwenyewe." Kesho yake kambi nzima ilikuwa inamwita Bi Ndoo, na hata mumewe, alipolisikia jina hilo, alilitumia kwa wiki mbili mpaka akakatazwa.

Mhandisi wa ujenzi alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu aliyelala kwa mafungu. Katika bwawa lote, kitu alichokipenda zaidi kilikuwa ngazi ya samaki. Ukuta wa bwawa ungekuwa na kimo cha mita kumi na nne, na hakuna samaki anayeruka mita kumi na nne. Kwa hiyo alichora ngazi ya zege pembeni mwa nyumba ya mitambo: vidimbwi thelathini na viwili, kila kimoja juu ya mwenzake kwa kimo cha shubiri mbili, maji yakimwagika kutoka cha juu hadi cha chini. Samaki angeingia mlango wa chini, apande kidimbwi kwa kidimbwi, atokee juu bwawani na kuendelea na safari yake. Karibu na juu waliweka dirisha la kioo na kachumba ka kukaa mtu, ili ahesabu wanaopita.

"Hapa ndipo utakapokaa, Bi Ndoo," alimwambia akimwonyesha kachumba, kama mtu anayeonyesha chumba cha wageni.

Bwawa lilikamilika kiangazi. Mtambo wa kwanza ulianza kujaribiwa, mvua zikaanza kunyesha milimani, na Bi Ndoo akaingia kwenye kachumba na kiti chake. Siku ya kwanza aliandika sufuri. Siku ya pili sufuri. Siku ya tano alifuta kioo kwa siki, akidhani huenda tatizo ni uchafu. Sufuri.

Huku nyuma alikuwa anapigiwa simu na kaka wa mumewe, mvuvi aliyekaa safari ya nusu siku juu ya bwawa.

"Shemeji," alisema, "nasikia mradi umekuajiri kuhesabu samaki."

"Ndiyo, shemeji."

"Basi nisaidie jambo moja. Wangu wako wapi?"

"Bado hawajapita."

"Mwezi huu ninavua nyavu. Natupa wavu, navuta wavu."

Ilipofika siku ya ishirini na tatu alikwenda ofisini kwa mhandisi na fomu ishirini na tatu. Mhandisi alikuwa na nakala zake za kurasa nyeupe, zimefungwa vizuri kwa kamba, na kamba haikuwa imefunguliwa.

"Mhandisi, hawapandi."

"Watapanda. Ngazi imejengwa kwa vipimo kamili."

"Sina shaka na vipimo."

"Mteremko ni sahihi. Kina ni sahihi. Nimefuata kitabu mstari kwa mstari."

"Wao hawajakisoma."

Mhandisi alifumba macho, akayafumbua. Mtambo wa pili ulikuwa unavuja mafuta, mafundi walikuwa wanamngoja mlangoni, na siku ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa. "Tuwape muda, Bi Ndoo," alisema.

Hakuwapa. Alimpigia shemeji yake na kumuuliza ningu akisafiri hufuata nini. Shemeji alishangaa kwamba mtu anaweza kuajiriwa bila kulijua hilo. "Anafuata maji yenye nguvu," alisema. "Maji yakimsukuma usoni, anajua huko ndiko juu. Maji yaliyolala hayamwambii kitu."

Asubuhi iliyofuata alichukua mfuko wa vipande vya vitambaa kutoka chini ya cherehani ya mumewe, akaenda kwenye mlango wa chini wa ngazi na kuvitupa majini kimoja kimoja. Vilizunguka. Vilikwenda polepole mpaka ukutani, vikarudi, vikazunguka tena, kama watu waliofika mapema kwenye harusi. Mlangoni maji yalikuwa yamelala. Hatua arobaini kutoka pale, maji ya mtambo yalikuwa yanatoka chini ya nyumba kwa kishindo, meupe, na alipoinama ukingoni aliwaona. Walikuwa mamia. Walijipanga kichwa kwa mkia mbele ya nondo za chuma zilizozuia wasiingie kwenye mitambo, wakiogelea kwa nguvu zao zote bila kusogea hata inchi. Wengine walikuwa wamechubuka pua.

Kwenye fomu aliandika: "Vitambaa 30 vimetupwa mlango wa ngazi. Vyote vimezunguka. Samaki wako kwenye nondo za mtambo, wengi, siwezi kuhesabu. Mlango uko mahali ambapo hawaji. Ngazini: 0." Akaweka sahihi, akagawa kurasa tatu. Ile nyeupe ikafungwa kwa kamba.

Zilipobaki siku mbili kabla ya uzinduzi, meneja alimwita.

"Mgeni rasmi ataitembelea ngazi," alisema. "Ipo kwenye ratiba, dakika kumi. Itapendeza akiona samaki."

"Hamna samaki, meneja."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita wewe. Wewe si una ndoo?"

"Nikiwatia watashuka."

"Dakika kumi tu wakae. Kwani ni wengi? Ishirini watatosha. Halafu, mama, wewe ukae pembeni utabasamu. Maelezo nitatoa mimi."

Jioni alimweleza mumewe. Fundi alisimamisha cherehani, jambo ambalo hakulifanya hata kwa ajili ya mvua.

"Agizo ni agizo," alisema. "Mtu akileta kitambaa cha pazia akataka suti, namshonea. Ila akiuliza kama kimempendeza, hapo sasa..."

"Hapo unamwambiaje?"

"Namwambia ni pazia."

Siku ya uzinduzi kulikuwa na mahema, bendi na zulia lililoishia mita tatu kabla ya tope. Bi Ndoo alikuwa ameamka alfajiri, akawatoa ningu ishirini kwenye nondo kwa wavu na kuwatia kwenye kidimbwi cha sita, pale ambapo wageni wangesimama. Kwa muda samaki walitulia, wakishangaa. Mgeni rasmi alifika amezungukwa na watu, meneja akaanza kueleza habari za teknolojia na mazingira kwenda bega kwa bega. Mgeni rasmi akainama, akawaona samaki, akafurahi kweli, maana alikuwa amekaa kwenye hotuba tangu saa tatu. Akapiga makofi. Wote wakapiga makofi.

Huenda ni makofi, huenda muda wao ulikuwa umefika. Samaki wa kwanza aligeuka, akateleza juu ya kizingiti mpaka kidimbwi cha tano. Wa pili akamfuata. Kisha wote, mmoja mmoja bila kusukumana, cha tano, cha nne, cha tatu, wakashuka ngazi mbele ya mgeni rasmi, bendi na wapiga picha, mpaka wa mwisho akatoka mlangoni na kupotea.

"Wanakwenda wapi?" mgeni rasmi aliuliza.

"Wanafanya mazoezi, mheshimiwa," alisema meneja.

Mgeni rasmi hakuonekana kuridhika. Aligeuka, macho yake yakaangukia kizibao. "Wewe ndiye wa mazingira? Samaki hawa wanakwenda wapi, mama?"

Bi Ndoo alikuwa bado anatabasamu kama alivyoagizwa. Aliendelea kutabasamu kwa sababu hakujua aache vipi.

"Wanarudi walikotoka, mheshimiwa. Nimewaleta asubuhi kwa ndoo."

Bendi ilikuwa imepumzika, kwa hiyo hakukuwa na sauti ya kufunika jambo hilo. Meneja aliitazama saa yake. Mhandisi alitazama zege. Mwishoni mwa kundi alikuwepo mtu mfupi mwenye miwani, ambaye hakuna aliyemtambulisha kwa mtu. Alifungua mkoba wake, akatoa rundo la karatasi za manjano lenye unene wa tofali, akaja mpaka mbele.

"Samahani, mama," alisema. "Wewe ndiye wa kenge aliyeondoka mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mimi ni mkaguzi kutoka ofisi ya vibali. Ninapokea fomu za miradi kumi na minne. Nyingi husema hakuna tukio." Alizisawazisha karatasi zake taratibu. "Zako nazisoma asubuhi na chai. Nimekuja kuona huo mlango."

Mgeni rasmi alikata utepe kama ilivyopangwa, na chakula kilikuwa kizuri. Lakini wiki iliyofuata ofisi ya vibali iliandika kwamba mtambo wa pili hautawashwa mpaka samaki wapite ngazini bila kubebwa.

Bi Ndoo aliambiwa abaki nyumbani na aandike barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Aliandika: "Niliulizwa, nikajibu." Aliona ni fupi mno, akaongeza tarehe.

Siku tisa alikaa akishona vifungo. Hizo siku hazikuwa nyepesi. Majirani wengine walipita kumpa pole kwa sauti ya kumpongeza, wengine kinyume chake. Mumewe, kwa mara ya kwanza tangu waoane, hakuwa na la kusema juu ya suruali ya mtu yeyote. Kilichomuuma zaidi Bi Ndoo hakikuwa kazi. Mvua zilikuwa zinaendelea milimani, na alijua wiki za kutaga zina mwisho. Alipofumba macho aliwaona wale kwenye nondo.

"Nimefanya ujinga?" alimuuliza mumewe.

"Ujinga gani? Ulimwambia ni pazia."

Siku ya kumi gari la mradi lilisimama mbele ya kibaraza. Akashuka mhandisi peke yake, na mchoro mrefu kwapani. Alisalimia, akakaribishwa kwenye benchi la wateja, akakataa chai, akakubali chai. Fundi alimtazama mabega na kusema koti lile alishonewa na mtu mwenye haraka. Mhandisi alikubali kwamba huenda ni kweli.

Kisha akamgeukia Bi Ndoo.

"Nimeikata ile kamba," alisema. "Nimesoma zote. Siku mbili nimesoma."

Bi Ndoo aliweka sindano chini.

"Mia tano na sita. Na jibu langu halimo hata kwenye moja." Alikizungusha kikombe mkononi. "Nilikuwa nashuka kila siku kuitazama ngazi ile. Nilikuwa naangalia zege. Samehe, mama."

"Nimesamehe. Mlango utauhamisha?"

"Nitatoboa wa pili, karibu na maji ya mtambo. Lakini nataka kujua mahali hasa. Vile vitambaa vyako, vimebaki?"

Kabla hajajibu, mumewe alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na gunia zima. Alisema wachukue vyekundu, kwa sababu vya bluu haviwezi kuonekana kwenye maji ya povu, na kwa kuwa yeye ndiye anayejua vitambaa ni lazima aende nao. Wakaenda wote watatu. Kutwa nzima fundi alitupa, mhandisi alichora, na Bi Ndoo alilala kifudifudi juu ya ukuta akiangalia mikia ya samaki na kuelekeza kwa kidole. Ilipofika saa kumi waliweka alama ya chokaa ukutani, hatua tatu kutoka kwenye nondo. Meneja alipita, akasimama, akaona fundi cherehani akirusha vitambaa kwenye mradi wa taifa. Aliuliza kama mtu yule ana kofia ngumu. Fundi akaletewa kofia.

Kutoboa ukuta kulichukua siku kumi na mbili, na siku hizo zote mtambo ulizimwa. Mhandisi aliongeza bomba la kuleta maji kutoka juu ya bwawa, yatoke kwa nguvu kwenye mlango mpya. Meneja alipinga bomba lile kwa barua tatu, akisema maji hayo yangekuwa umeme. Mkaguzi alijibu kwa barua moja yenye namba ya sharti.

Walipofungua, Bi Ndoo alikuwa kwenye kachumba kake tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yake, hakutaka kiti. Siku ya kwanza hakupita hata mmoja. Siku ya pili aliandika sufuri, na mhandisi akatoka nje akae peke yake juu ya rundo la nondo. Siku ya tatu, kwenye saa nne, kivuli kilisogea upande wa chini wa kioo. Kikasita. Kisha ningu mmoja akaingia dirishani mzima mzima, pua imechubuka, tumbo limejaa, akasimama kwenye mkondo akitikisa mkia, akapita.

"Mmoja," alisema Bi Ndoo.

Mhandisi alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, na ilibidi aombwe akitoe, maana alikuwa anaziba.

Siku hiyo walipita kumi na mmoja. Wiki hiyo, mia tatu na arobaini. Wiki za kutaga zilikuwa zimebaki tatu, na walipita elfu mbili na mia moja na themanini na saba. Wengi hawakupita. Kambare wakubwa waliona vizingiti vyembamba, wakarudi. Kuna waliofia kwenye nondo zile siku za kungoja, na Bi Ndoo aliwahesabu hao pia, akawaandikia fomu yao. Fisi maji wawili waliigundua ngazi siku ya nne tu baada ya samaki wenyewe, wakafanya kidimbwi cha kumi na tisa kuwa hoteli, mpaka kikawekewa kifuniko cha wavu. Ndege wakahamia kidimbwi cha ishirini.

Shemeji alipiga simu mwezi uliofuata.

"Shemeji, wamefika."

"Nashukuru."

"Wadogo."

"Shemeji, wamepanda ngazi thelathini na mbili."

"Nasema tu. Wadogo, lakini wamefika. Nimewaacha watage kwanza." Kisha akaongeza, "Mwambie na huyo ndugu yangu asiende kujisifu kwa watu kwamba ni yeye."

Alikuwa ameshachelewa. Mjini kila aliyepimwa suruali alijua tayari.

Meneja alihamishiwa mradi wa barabara, ambako hakuna samaki. Kesi ya nidhamu haikufutwa wala kusikilizwa, ilibaki kwenye faili ikiwa na barua yake ya maneno mawili. Mtambo wa pili ukawashwa. Bi Ndoo alipewa mkataba wa miaka kumi, kwa kuwa sharti la ishirini na nane halikuisha na ujenzi, na mabuti na kofia ngumu zikahamishwa, kontena likawa lake lote. Alichukia ukimya wake kwa wiki moja, akauzoea.

Mhandisi naye alipangiwa mto mwingine, mbali. Miezi minane baadaye alimpigia simu akamwomba aje kwa siku nne. Bi Ndoo aliomba ruhusa, akapanda basi kutwa nzima, akamkuta asubuhi amesimama ukingoni mwa mto mpana wa maji ya kahawia, na ubao wa kuchorea mkononi. Karatasi iliyokuwa juu yake ilikuwa tupu.

"Hujachora kitu?" aliuliza.

"Bado."

Aliutazama mto kwa muda. Hakuwa ameuona kabla, na samaki wake hakuwajua hata kwa majina. Upande wa pili, mbali kidogo, moshi ulikuwa unatoka kwenye kibanda chenye nyavu zilizoanikwa.

"Wale ni wavuvi?"

"Nadhani."

"Umeshaongea nao?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Akavua viatu, akakunja sketi mpaka magotini, wakatafuta mahali pa kuvukia.